Mkono Kwenye Nyasi

Mei 14, Jumatano

Mume wangu, huna haya. Miaka miwili na miezi mitatu hujakanyaga mlango huu, halafu unatuma salamu kwenye simu ya mwanangu, baba yako: "Mwambie bibi nampenda." Mapenzi gani hayo ya kupitishwa kwa mtu kama chumvi ya kuazima? Mke umemwacha na meno manne. Ukizidi kuchelewa utakuta ufizi.

Najua, una kazi. Fundi wa majokofu, mtu mkubwa. Unawatengenezea watu baridi huko mjini na sisi huku tunaungua.

Basi nimechukua daftari uliloliacha kabatini, lile lenye picha ya ndege. Kurasa tatu za mwanzo ni hesabu zako, na kalamu nyekundu ya mwalimu imepita humo kama kuku aliyekanyaga damu. Mimi nitaendelea hapo ulipoishia. Wewe ndiye uliyenifundisha herufi, likizo ile, tumechuchumaa kitaluni, kibao kimoja cha mche, neno moja. Ukanifundisha, ukaniacha nazo. Sasa zitakurudia. Sijakaa darasani hata siku moja, kwa hiyo usinisahihishe. Soma, unyamaze.

Habari kubwa ni kwamba mvua imekatika. Miaka yote hutufikisha mwanzo wa Juni. Hii ya mwaka huu imeondoka Jumapili, na haikuaga.

Mei 20, Jumanne

Haikunyesha.

Mei 23, Ijumaa

Haikunyesha. Nimemwaga maji kwenye miche mara mbili, asubuhi na jioni. Baba yako anasema napoteza maji. Nimemwambia na yeye nilimnywesha bila kuuliza atakuwa mti gani.

Mei 27, Jumanne

Leo kulikuwa na mkutano wa moto. Kabla sijakuambia, nikukumbushe mahali penyewe, maana mjini watu husahau hata njia ya chooni kwao.

Nyumba ziko chini. Nyuma ya nyumba ni korongo, na ndani ya korongo ni msitu wetu, na chini ya msitu ni chemchemi ambayo kijiji hiki kizima kinakunywa maji yake. Juu ya korongo ni uwanda wa nyasi, mpana, mpaka unapogusana na mbingu. Ulipokuwa na miaka mitano moto ulitoka uwandani ukaingia korongoni ukala kila kitu. Chemchemi ilikauka miaka mitatu. Tulianza kupanda kwenye makopo ya maziwa, wanawake sita, sasa nimebaki mimi. Wewe ulipanda mstari wako ukiwa na miaka sita, miti kumi na mmoja, na mstari ulipinda ukatoka nje ya msitu ukaingia kwenye nyasi kwa sababu ulikuwa unamfuata panzi. Nilikuacha. Kila mtu hucheka akiuona mstari ule, nami huwajibu kwamba panzi alikuwa na shughuli zake.

Sasa miaka tisa ofisi ya misitu imepiga marufuku moto uwandani. Hata wa kuwasha sigara. Nyasi za kila mwaka zimelalia za mwaka uliopita, ukikanyaga unahisi godoro. Zamani mama yangu na wenzake walikuwa wanachoma mapema, kipande leo, kipande kesho kutwa, nyasi ikiwa imekauka juu na bado ina maji chini. Moto huo ni mdogo, unatambaa, jioni unajifia wenyewe. Ukipita, moto wa Septemba ukija unakuta sahani tupu. Hilo ndilo nililosema mkutanoni.

Afisa mpya ni msichana, umri wako, viatu safi. Namwita Binti Karatasi. Ukipiga chafya mbele yake anaandika.

"Bibi," akasema, "sheria inakataza moto wowote uwandani."

"Sheria imewahi kulala huko juu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akauliza mkanda wa kuchoma uwe mpana kiasi gani, upepo utoke wapi, watu wangapi, wasimame wapi. Nikajibu kila kitu, naye akaandika kila kitu, mpaka nikadhani ananidhihaki.

Baba yako alikaa pembeni yake na kofia yake ya mkuu wa kikosi cha moto magotini. Hakusema neno. Nilimzaa mimi, lakini siku nyingine hujiuliza ulimi wake nilimpa nani.

Juni 3, Jumanne

Upepo. Vumbi kwenye unga, vumbi kwenye mashuka. Haikunyesha.

Juni 11, Jumatano

Nimegombana na Kwato. Unamjua, yule mfugaji mwenye miguu iliyopasuka kama jina lake. Nimewakuta ng'ombe wake kati ya mstari wako na msitu, wamejaa kwenye kivuli cha miti yako, wanatafuna kama wamealikwa. Nikaokota mabonge ya udongo.

"Mama, ng'ombe wanakula nyasi, hawali miti!"

"Mwaka juzi walikula miche sitini!"

"Mwaka juzi walikuwa na njaa."

"Na wewe ulikuwa na nini, usingizi?"

Akawaondoa, anacheka. Nimemwambia mwanamume anayecheka akitupiwa udongo amezoea kutupiwa. Najua kesho watarudi. Hapo wanarudi kila siku, nyasi imebaki fupi kama kichwa kilichonyolewa. Kama kuna mtu atakayetuletea moto mwaka huu ni huyo, kwa kutaka majani mabichi. Nimemwambia baba yako amwangalie.

Juni 17, Jumanne

Sikutegemea. Binti Karatasi amekuja na pikipiki, kofia ya chuma imemkalia upande, na ameshika barua yenye mhuri.

"Bibi, tumepata ruhusa. Yale yote uliyosema niliyaandika nikayapeleka juu. Tunachoma mkanda Alhamisi."

Ningemkumbatia kama asingekuwa na haraka hivyo. Nikatazama mti wa miiba ulio nyuma ya choo chetu, ule unaotoa maua mekundu kabla ya majani. Unaujua, ulikuchana kaptula. Wiki ambayo mti ule unafungua maua ya kwanza ndiyo wiki ya kuchoma. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Tawi lilikuwa tupu.

"Mti bado," nikasema.

"Bibi, nimekata nyasi, nimepima. Imekauka karibu na shina. Mwaka huu jua limetangulia wiki tatu. Tukingoja mti..."

"Mti haujui kusoma barua yako."

Akamgeukia baba yako. "Mkuu?"

Baba yako akazungusha kofia. "Mama ndiye anayejua."

Yule binti hakukata tamaa, nampa sifa. Akasema, "Mkuu aliniambia mama yako alikuwa anatia mkono kwenye nyasi alfajiri. Twende kesho, bibi, utie mkono. Ukisema bado ni mbichi, nangoja."

"Mkono wangu si kijiko cha ofisi."

Kikosi kizima, kilichokuwa kimemfuata baba yako uani, kilicheka. Nilijisikia mtu mkubwa, mume wangu. Nakuandikia ili ujue.

Juni 18, Jumatano

Nimeungua kiganja cha kulia kwenye sufuria. Sikujua mpaka niliponusa.

Juni 24, Jumanne

Binti Karatasi amerudi. Mti bado. Akasimama chini yake akaukagua kama mtu aliyemfumania mwizi juu. Akaomba tuanze na kipande kidogo tu. Nimekataa. Nimemwambia nilianza kuchoma mapema kabla baba yake hajaota ndevu. Alivaa kofia yake akaondoka bila kunipungia.

Baba yako amekula ugali wake. Alipomaliza akasema, "Mama, nyasi inalia nikikanyaga."

"Ilie."

Julai 1, Jumanne

Mti bado.

Julai 5, Jumamosi

Mti bado. Usiku sikulala vizuri, mgongo.

Julai 9, Jumatano

Umefungua! Maua matatu, tawi la upande wa jua. Nimepiga vigelegele peke yangu nyuma ya choo. Kesho tunachoma.

Julai 10, Alhamisi

Nitaandika kifupi kwa sababu nina aibu.

Saa kumi jioni tulikuwa kumi na mmoja juu uwandani: baba yako na watu wake wanane wenye vipigio vya mpira na mabomba ya maji mgongoni, Binti Karatasi, na mimi. Upepo mzuri, mtulivu. Nikaweka njiti. Moto wa mapema unapaswa kutambaa, wa magotini tu, unanong'ona. Huu ulisimama. Ulipita kichwa cha baba yako kabla hajarudi nyuma, na ulikuwa na sauti ya gari linalopandisha mlima. Kipande cha ukubwa wa ua wetu kilituchukua saa nzima kukizima, watu kumi na mmoja. Mmoja ameungua sikio.

Nyasi ilikuwa kavu mpaka kwenye udongo. Mti ulifungua kwa wakati wake wa siku zote. Mvua ndiyo haikuwa ya siku zote.

"Tusimamishe," akasema Binti Karatasi. "Mlango umefungwa mwaka huu. Tutafyeka."

Hakuniangalia hata kidogo. Hakusema, "Nilikuambia." Angenitukana ningepumzika.

Julai 30, Jumatano

Wanafyeka mkanda kwa mikono. Hatua nne upana, na uwanda ni mkubwa. Binti Karatasi anafyeka pamoja nao, viatu vyake havina usafi tena, viganja vimetoa malengelenge. Nimempelekea uji. Ameunywa wote, amesema asante bibi, akarudi. Namwangalia tofauti kidogo. Kidogo.

Agosti 8, Ijumaa

Joto. Kuku wanatembea midomo wazi.

Agosti 15, Ijumaa

Chemchemi imeshuka chini ya lile jiwe lenye ufa. Bado inatoka.

Agosti 21, Alhamisi

Moshi upande wa mashariki, mbali. Baba yako ameutazama mpaka ulipoisha, ndipo akaingia ndani kula.

Agosti 27, Jumatano

Moshi tena. Si mbali sana.

Agosti 29, Ijumaa

Umepiga simu leo, ukauliza tunaendeleaje. Baba yako amesema "salama." Nilikuwa nimekaa pale pale. Nilitaka kumnyang'anya simu, nikaona nitakuambia nini? Kwamba tumekaa juu ya baruti na kiberiti nimekifungia mimi? Nikakuacha na majokofu yako.

Septemba 6, Jumamosi

Kaa chini. Hii ni ya juzi, Alhamisi. Jana sikuweza kushika kalamu.

Saa nane mchana nilikuwa kitaluni nanyweshea. Ndege walipita juu yangu wengi mno, wote wakielekea upande mmoja. Ndipo nikasikia filimbi ya baba yako. Moshi ulikuwa umesimama nyuma ya uwanda, mweusi chini, wa manjano juu. Baadaye tulijua: tanuri la mkaa upande wa pili wa mlima lilipasuka, upepo ukachukua kilichobaki. Kwato hakuhusika. Nilimshuku hapo nyuma daftarini na siwezi kufuta, kwa hiyo lisome na hili.

Baba yako alipita mbio na watu wake. "Mama, kaa hapa!" Nikachukua fimbo nikapanda. Njia ya korongoni unaijua, unapanda umeshika mizizi. Msituni kulikuwa na baridi na kimya, majani yanadondoka moja moja, na nilipita katikati ya miti niliyoibeba kwenye kopo, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa naihesabu kama mtu anayeondoka.

Nilipotoka juu, joto lilinipiga usoni kama kofi la mtu ninayemjua. Ukuta wa moto ulikuwa umeshavuka katikati ya uwanda. Ulifika kwenye mkanda wetu uliofyekwa, zile hatua nne, jasho la mwezi mzima, na ukauruka kama mtoto anavyoruka mfereji. Sehemu mbili. Halafu tatu. Kikosi kilirudi nyuma kinakohoa. Upepo ulikuwa nyuma ya moto, unausukuma kwetu, na nyuma yetu hakukuwa na kitu kingine ila msitu.

"Tushuke!" mtu akapiga kelele. "Tuliache korongo, tuwahi nyumba!"

Hapo ndipo Kwato alipotokea, hana shati, fimbo mkononi, ng'ombe amekwisha wafukuza bondeni. Hakwenda kwa baba yako. Alikuja kwangu.

"Mama, pale kati ya mstari wa mjukuu wako na msitu ng'ombe wangu wamekula mpaka udongo. Miezi mitatu hii. Pale mtu anaweza kusimama."

Nikaangalia. Kipande kirefu cha udongo mtupu na mavi makavu, kinafuata ukingo wa msitu wote kama kamba. Mabonge yangu ya udongo bado yalikuwa pale.

Nikaelewa, na baba yako akaelewa wakati uleule, nikaona uso wake. Tukisimama hapo na kuwasha moto wetu kwenye nyasi iliyo mbele, utapanda kwenda kukutana na ule mkubwa, nao ukifika utakuta pameliwa. Lakini mbele ya pale, ndani ya hiyo nyasi, ndipo ulipo mstari wako.

"Mama, hiyo ni miti ya mwanangu," akasema. Neno la kwanza la kunipinga mbele ya watu mwaka huu.

"Najua ni ya nani. Nilikuwepo."

Binti Karatasi alikuwa ameloa jasho, karatasi zake ziko kifuani ndani ya shati. Kuwasha moto mwingine bila ruhusa ni kazi yake kwisha, hilo nalijua hata mimi. Akamwangalia baba yako, akaangalia msitu.

"Washa, bibi," akasema. "Karatasi nitaandika mimi."

Tukajipanga. Watu wenye mabomba nyuma yetu, mgongo kwa msitu, wazime kila cheche itakayoruka. Kwato na fimbo yake amefunga tawi bichi. Mimi nimepiga magoti mbele ya mti wako wa kwanza na kiberiti.

Sasa sikiliza, maana hili ni la kujua. Ukiwasha mapema, upepo unaurudisha moto wako usoni kwako. Moto mkubwa ukikaribia huwa unavuta pumzi, unanyonya hewa kutoka mbele yake, na hapo upepo wa chini unageuka kidogo tu. Huo ndio wakati. Unauona kwenye majani madogo, yanaanza kulala kuelekea kwenye moto.

"Mama, sasa?" Baba yako alikuwa nyuma ya bega langu.

"Bado."

Neno lilelile. Mdomoni mwangu lilikuwa na ladha ya majivu, mume wangu. Wiki tatu nzima nililisema nikiwa nimekosea, na sasa nililazimika kulisema tena, na watu kumi na mmoja wakanisikiliza tena. Sijui kwa nini walinisikiliza.

"Mama!"

"Bado!"

Nywele za mikono ya Kwato zilianza kujikunja. Sauti ikawa kubwa hatusikiani. Nikakodolea macho jani moja tu, jembamba, karibu na goti langu. Likatetemeka. Likalala mbele.

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikashika.

Baba yako na wenzake wakauburuta moto kulia na kushoto kwa matawi, na ukaondoka. Ukapanda, mume wangu, ukaondoka kwetu kama ng'ombe aliyeona boma. Ukapita kwenye mstari wako. Mti wa mwisho, mrefu, ule ulioandika jina lako kwa kisu ukachapwa, ulishika juu kwanza ukawaka kama mshumaa. Sikugeuza uso. Niliona ni vibaya kuuwasha kisha nisiutazame.

Mioto miwili ilikutana. Ulisimama ukuta mmoja mrefu kuliko mnara wa simu, ukapiga mshindo, halafu ukakosa cha kula. Hivyo tu. Ukakaa chini.

Cheche ziliruka msituni, wakazizima mpaka jua linazama. Sehemu moja ya ukingo imeungua, hatua ishirini ndani. Baba yako hana nyusi, anaonekana mtu anayeshangaa kila anachoambiwa. Nilimcheka nikalia, nikalia nikamcheka.

Korongo lipo. Maji yapo.

Septemba 9, Jumanne

Kuna jambo sijakuambia, na nimelificha pia kwenye daftari hili, nikijificha mimi mwenyewe.

Mama yangu alikuwa anautazama mti ili ajue wiki. Siku aliijua kwa mkono. Alfajiri anaingiza mkono kwenye nyasi mpaka begani, anaushika udongo, anasikia. Mkono ukitoka umelowa mpaka kiwiko, tunachoma jioni. Mti pekee haukutosha hata siku moja. Hilo nalijua tangu utoto.

Mkono wangu wa kulia una ganzi tangu mwaka jana. Wa kushoto unafuata. Siwezi kutofautisha umande na majivu. Nilikataa kutia mkono mbele ya yule binti si kwa ubishi. Niliogopa ataniuliza nimesikia nini.

Leo nimemwita nikamwambia. Alikuwa anaandika ripoti yake hapa mezani jikoni. Akafunga daftari. Mara ya kwanza kumwona akifunga daftari mtu akiwa bado anazungumza.

"Na mimi nilikuwa na barua yenye mhuri," akasema. "Ningeweza kuchoma bila wewe, bibi. Niliogopa kuchekwa."

Tukatazamana, wapumbavu wawili.

Halafu akakunja mkono wa shati. "Nifundishe."

"Nyasi imeungua yote, mwanangu. Nikufundishie wapi?"

"Basi ikirudi."

Jumatatu atanipeleka zahanati na pikipiki yake. Kofia ya chuma nitavaa mimi.

Nimemuuliza baba yako kama alijua habari za mkono. Akasema alijua tangu siku ya sufuria.

"Mbona hukusema?"

"Ungefanya nini, mama?"

"Ningekutukana."

"Haya basi," akasema, akaendelea kunoa panga. Ulimi wake upo. Anautumia anapoona una kazi.

Septemba 22, Jumatatu

Ofisi imemwita Binti Karatasi ajieleze. Kikosi kizima kimekwenda naye, na Kwato, amevaa viatu. Viatu!

Septemba 24, Jumatano

Wamerudi. Amepewa onyo. Na ameombwa aandike utaratibu wa kuchoma mapema, vipande vipande, kwa uwanda wote. Amesema jina la Kwato litaingia: ng'ombe watalishwa ukingoni mwa msitu kwa ruhusa. Kwato amekuja kuniambia mwenyewe, shingo imerefuka.

"Sasa nina barua, mama."

"Ng'ombe wako wakigusa mche wangu mmoja utaila hiyo barua."

Oktoba 7, Jumanne

Majivu yanaingia kila mahali. Haikunyesha.

Oktoba 18, Jumamosi

Haikunyesha. Chemchemi ni kama mkojo wa mtoto, lakini inatoka.

Oktoba 29, Jumatano

Imenyesha! Nimetoka nje na gauni la kulalia, mchana kweupe, jirani amewaziba watoto macho. Acha wazibe.

Novemba 12, Jumatano

Baba yako alinibeba mgongoni kipande cha mwisho cha njia, akisema mimi ni mwepesi kuliko bomba la maji. Alitaka nione uwanda.

Mume wangu, kuna maua. Si nyasi tu, nyasi imerudi nyembamba, kijani mpaka macho yanauma. Katikati yake kuna maua ya manjano, meupe, na yale ya zambarau yanayotoka ardhini bila jani, ambayo sikuyaona tangu marufuku ilipoanza. Yalikuwa chini muda wote, kwenye mizizi yake iliyo kama vitunguu, yamefunikwa na lile godoro. Na yamejaa hata kwenye yale mashimo ambayo ofisi ilichimba miaka ile ikapanda miti uwandani, ikafa yote. Binti Karatasi alipiga magoti kwenye shimo moja akakaa hapo muda mrefu.

"Hapa hapakuwa pa miti," akasema.

"Hapana. Hata mstari wa mume wangu haukuwa na kazi hapa. Ulimfuata panzi."

Nimeukagua. Miti saba imekufa, ni nguzo nyeusi. Minne imechipua kwenye shina, karibu na ardhi. Baba yako aliuliza tupande mingine kujaza. Nimekataa. Pale patabaki nyasi. Ile minne kama inaweza kuishi na moto mdogo wa kila mwaka, ikae. Ule wenye jina lako umo katika minne. Jina limeungua.

Novemba 16, Jumapili

Daftari linaisha, imebaki mistari michache, na daktari wa zahanati amesema ganzi haitatoka, itapungua tu nikimeza vidonge. Basi nakupa maagizo, nawe usifanye kichwa cha jokofu.

Usije sikukuu. Sikukuu kila mtu anakuja, wanakula wanaondoka. Omba likizo wiki ya tatu ya Mei, na kama mvua itakatika mapema uje mapema, usingoje nikuite wala usingoje mti. Usiniletee kitenge, ninavyo. Lete mkono wako.

Usipitie nyumbani kwanza. Panda moja kwa moja mpaka uwandani kabla jua halijatoka, simama kwenye mti uliokuwa na jina lako, piga magoti, ingiza mkono kwenye nyasi mpaka begani, ushike udongo. Utamkuta Binti Karatasi hapo ameshaingiza wake. Msibishane mpaka wote wawili mmesikia.

Mkono ukitoka umelowa mpaka kiwiko, shuka uniamshe. Kiberiti nitakuwa nacho chini ya mto.